Kuvuja si Kufurika

Mpemba ninayoisimulia si mtu wa kisiwa cha Pemba. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Hapo malori ya Zambia hupita usiku na mchana, na katika ardhi ya mkoa wetu bomba la TAZAMA limekuwa likipeleka mafuta Ndola tangu mwaka 1968. Katika ua wa nyumba yetu, chini ya mparachichi, gari la marehemu baba, Land Rover 109, lilikaa miaka tisa likiwa limefunikwa turubai. Tangu tumzike, hakuna aliyeliwasha. Mwaka huu wanunuzi wa vyuma chakavu wakaanza kubisha hodi, nao ndugu zangu wakanipa mwezi mmoja: gari liwake, au liuzwe kwa kilo.

Nilinunua betri. Nikamwaga petroli iliyosalia tangini, ikatoka ina rangi ya chai ya rangi, nikatia mpya. Gari likawaka dakika mbili, likatoa moshi mweusi, likazimika. Chini ya injini palikuwa na dimbwi. Nikampigia simu fundi mmoja, nikamwambia sentensi iliyonigharimu majuma mawili: “Gari linavuja mafuta.”

Fundi alitenda kama alivyoambiwa, kwani kinachovuja huzibwa. Akabadilisha mipira yote ya mafuta, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta. Mipira yenyewe ilikuwa imekauka na kufanya nyufa, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa. Tulipowasha tena, petroli ilimwagika vilevile, na safari hii ikachuruzika kuelekea jiko la mkaa ambalo Mama alikuwa amelibandika maharage. Mama alilibeba jiko kwa kanga yake hadi nyuma ya nyumba. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, “Gari la baba yenu lisije likatuunguzia nyumba.”

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Tunduma. Mafundi vijana wa huko ni mahodari wa injini za dizeli, maana ndizo zinazowalisha. Kabureta wameachiwa wazee. Nikamwamkia, nikairudia sentensi yangu. Akanitazama.

“Mwalimu, linavuja au linafurika?”

Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na minne, na sikuwa na jibu.

“Kinachovuja,” akasema, “kina tundu pasipostahili tundu. Kinachofurika ni kizima, ila hakuna wa kukiambia basi.”

Kabureta ina bakuli dogo linalopokea petroli kutoka kwenye pampu. Ndani ya bakuli mna boya. Petroli ikipanda, boya huinuka na kuisukuma sindano, nayo huziba mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Petroli iliyolala miaka mingi hukauka ikawa kama ulimbo, ikainasa sindano. Au chembe ya kutu kutoka tangini hukaa mlangoni. Au boya hutoboka, likajaa, likazama. Kwa vyovyote, mlango haufungi na pampu haina habari. Petroli hupita kiasi, humiminika katika koo la kabureta, plagi zikalowa, moshi ukawa mweusi.

Jumamosi mzee akaja Mpemba. Akakataza jiko na sigara. Akavifuta viungo vyote kwa kitambaa kikavu, akatandaza katoni chini, tukakaa nusu saa bila kugusa kitu. Katoni ikabaki kavu.

“Tangi la gari hili liko chini ya kiti, chini kuliko kabureta,” akaeleza, “na pampu yake huendeshwa na injini. Injini ikilala, bakuli halipokei kitu. Kingedondoka kitu sasa, ningetafuta upande wa tangi.”

Kisha akachomoa waya wa koili ili plagi zisitoe cheche, akaniambia nipige stata. Mipira na viungo vikabaki vikavu. Unyevu ukaanzia kwenye kabureta. Kabla ya kuifungua akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Kiwambo cha pampu kikipasuka, petroli huweza kuingia kwenye oili, ikaongezeka na kuwa nyepesi. Oili yetu haikunuka petroli.

Akalitoa boya, akalitikisa sikioni: kimya, halikuwa limeingiwa na petroli. Sindano ndiyo iliyokuwa imeganda, na ncha yake ilikuwa na mfuo. Akaweka nyingine kutoka kwenye kopo lake. Nilipotaka kuzibua vijitundu vya kabureta kwa waya, alinishika mkono. “Puliza tu. Waya hupanua tundu, na tundu hilo limepimwa.”

Nilikuwa na shairi la kumwomboleza baba ambalo lilinishinda tangu mwaka aliofariki. Ni tarbia ya mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, lakini mishororo yangu ilikuja na kumi na saba, mara kumi na nane. Miaka yote hiyo nilifanya kama fundi yule wa kwanza: nilibadilisha neno hili kwa lile, nikitafuta lililo bovu. Hapakuwa na neno bovu. Nilitaka kila ubeti ubebe kazi yake, ugonjwa wake, na ule ugomvi wetu ambao hatukuumaliza. Mshororo wenye mizani kumi na tano unavuja, na fundi wa maneno anaweza kuuziba. Wangu ulikuwa unafurika. Usiku ule nilifuta beti nne kati ya tisa. Wa ugomvi niliubakiza.

Gari liliwaka alasiri ile, likanguruma robo saa, na katoni ikabaki kavu. Wanunuzi wa vyuma walirudi Jumatatu wakiwa na mizani yao. Mama aliwaambia wasisubiri. Gari limekwenda Vwawa.