Sikio, Jicho na Ulimi

Ndugu Waislamu, tulikuwa tukimsifu mwanafunzi wetu aliyehifadhi Juzuu ya Amma kwa kusikiliza simu. Siku moja tulimfunulia msahafu katikati ya sura, tukamwambia asome. Akanyamaza, machozi yakamlenga, herufi hakuzijua. Kosa lilikuwa letu, tulioridhika na sauti nzuri.

Vyombo hatuvilaumu. Tangu Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary wa Misri alipoinasisha Qurani nzima mwaka 1961, wengi wamefaidika. Lakini sauti iliyonaswa haimsikii mtoto: akisema *kalb* mahali pa *qalb*, moyo umegeuka mbwa, wala hapana wa kumrudi.

Sasa husikiliza, hufuata herufi kwa kidole, kisha hutusomea. Enyi wazazi, nanyi wasikilizeni watoto wenu. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.