Mstari Wenye Sifuri

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwapangia watu wa vijijini namna watakavyotibiwa siku zijazo. Niliitwa mshauri. Wizara au shirika likitaka mpango wa afya wa miaka mitano, tuliitwa watu kama mimi: hoteli ya Kisumu au Jinja, ukumbi wenye feni, karatasi kubwa zimebandikwa ukutani, na mwisho wa juma bahasha ya marupurupu. Nyumbani Lunyo, wilaya ya Busia upande wa Uganda, watu waliniita daktari. Sikuwa daktari, wala sikuwasahihisha.

Naandika ushuhuda huu nikimfikiria kijana anayeanza kazi ile niliyoifanya. Huenda anaketi sasa kwenye kiti nilichokalia, na yale niliyoyaamini anayaamini kwa nia njema kabisa, kama nilivyokuwa mimi.

Imani yangu ilikuwa hii: cha bure hakithaminiwi. Mgonjwa lazima achangie kitu, hata kidogo, ndipo aheshimu dawa na kituo kiweze kujiendesha. Sikuizua mwenyewe. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilizisihi serikali maskini zitoze ada za matibabu, na mwaka uleule mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, wakakubaliana kwamba jamii ichangie gharama ya dawa. Kenya ilianza kutoza ada Desemba 1989. Uganda nayo ilitoza miaka ya tisini. Basi nilipoingia kazini, hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya wakubwa, nami nikajifunza kuizungumza vizuri kuliko wengi.

Machi 2001 Uganda iliondoa ada katika vituo vya serikali. Wagonjwa wakafurika. Mimi nilisikitika, nikaandika kwamba dawa zitakwisha. Na kweli vituo vingi viliishiwa na dawa, nikajiona nabii. Sikujiuliza wale waliofurika walikuwa wapi mwaka uliotangulia, na watoto wao walikuwa wakiumwa wapi.

Ushahidi wa kunisahihisha haukuwa mbali. Ulikuwa ng'ambo ya mpaka tu, Budalang'i na Funyula, mwendo mfupi kutoka kwetu. Huko wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia dawa za minyoo zilizokuwa zikitolewa shuleni kuanzia 1998. Mwaka 2001 wazazi wa baadhi ya shule waliombwa kuchangia kiasi kidogo, wastani wa senti 30 hivi za Marekani kwa mtoto. Katika shule za bure, watoto wapatao robo tatu walimeza dawa. Katika shule za kulipia, hawakufika hata mmoja kati ya watano. Baadaye Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu vyandarua kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Bei ndogo tu iliwafukuza wengi, na waliopewa bure walivitundika sawasawa na walionunua. Kremer alikuja kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, pamoja na wenzake wawili.

Nilizisoma kazi hizo, na nilizielewa. Kisha nikasema hiyo ni minyoo, na hivyo ni vyandarua. Huduma ya afya ni jambo jingine. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshajijengea jina kwa neno lile moja, na jina hilo ndilo lililokuwa likilipa karo za watoto wangu.

Sasa nieleze habari ya mstari. Katika kila bajeti niliyoandika kwa upande wa Uganda palikuwa na mstari wa VHT, yaani timu za afya za kijiji. Hao ni watu wa kijiji, wanawake kwa wanaume, waliochaguliwa na majirani zao kuangalia afya ya kaya. Serikali ilianza kuunda timu zao mwaka 2001, na kuanzia 2010 baadhi yao walifundishwa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano wenye malaria, nimonia au kuhara. Kwenye jedwali langu niliweka idadi yao, siku za mafunzo, fulana, na baiskeli pale fedha ziliporuhusu. Safu ya malipo niliijaza sifuri. Pembeni niliandika: wanajitolea.

Katika mkutano mmoja wa kijiji, mama mmoja VHT alisimama akauliza nauli ya kumpeleka mjamzito kituoni usiku itatoka wapi. Nilimjibu, "Mama, hii ni kazi ya moyo." Watu wakapiga makofi. Akaketi.

Mwaka 2014, msimu wa mvua, nilirudi Lunyo kwenye matanga ya shangazi yangu. Nilikuwa nimekaa mjini miaka mingi na mwili ulikuwa umeshasahau mbu wa kwetu. Chandarua nilikiacha kwenye gari. Siku zilizofuata homa ilinikamata, na usiku mmoja nikaanza kuweweseka. Kaka yangu alikimbia kumwita jirani wa VHT. Alikuwa mama yuleyule.

Nakumbuka tochi ya simu ameishika kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru. Nakumbuka kaka akimwomba anipime malaria kwa kile kipimo chake cha haraka, naye akakataa kwa upole: "Hiki ni cha watoto. Nikikimalizia kwa daktari, kesho nitamwambia nini mama wa mtoto?" Akampigia kijana wa bodaboda, wakapatana bei, wakanipandisha. Tulibanana watatu juu ya pikipiki, yeye nyuma akinikumbatia nisianguke, kwenye tope lile. Kituoni alimwamsha muuguzi. Ilikuwa malaria kali; nilichomwa sindano za artesuneti. Nilipopata fahamu vizuri kulikuwa kumekucha, naye alikuwa ameshaondoka kwenda kupalilia mihogo.

Nilipopata nguvu nilimpelekea sukari na sabuni. Nilimkuta barazani anaandika kwenye daftari lake. Kurasa za mbele zilikuwa za serikali: jina la kaya, mtoto, dalili, dawa aliyopewa. Nikaomba kulitazama, nikalifungua kwa bahati mbaya upande wa nyuma. Huko alikuwa na hesabu nyingine, kwa penseli. Betri. Kalamu. Boda, mjamzito, 5,000. Boda, mtoto wa degedege, 3,000. Na mstari wa mwisho kabisa: boda, daktari, 6,000.

Nilimuuliza nani humrudishia fedha hizo.

"Hakuna. Naandika tu nisisahau." Kisha akaongeza, "Wewe ulituambia ni kazi ya moyo."

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana liliniuma. Nilitoa noti zilizokuwa mfukoni. Akahesabu 6,000, akanirudishia zilizobaki.

Mimi niliyehubiri katika nchi mbili kwamba cha bure hakithaminiwi, mpango wangu wote ulisimama juu ya kazi ya bure ya mwanamke huyu, na kweli sikuwa nimeithamini. Nilikuwa nikiwatoza wagonjwa na kuwanyima wanaowatunza, kwa hoja ileile moja. Mungu angeweza kunifundisha kwa njia kali zaidi. Alinifundisha kwa mikono ya mtu niliyemnyamazisha mbele ya kijiji, naye hakunidai hata neno.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo nilisimama imara. Sivyo. Katika mpango uliofuata nilijaza ule mstari: malipo madogo ya kila mwezi na nauli ya dharura. Ukumbini wakauliza juu ya uendelevu. Neno hilo nilikuwa nimelitumia mwenyewe kuwazima wengine, kwa hiyo nilijua halina mlango wa kutokea. Mstari ukarudishwa kwenye sifuri, nami nikatia sahihi. Safari nyingine nikatia tena. Karo ilikuwa bado haijaisha. Nilipokataa hatimaye, simu za kuniita zikapungua, na mke wangu ndiye aliyebeba nyumba kwa duka lake.

Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi yao. Nilitembea na mwongozo huo kila nilikokwenda. Niliona aibu kidogo kwamba watu walisikiliza karatasi ya Geneva kuliko daftari la penseli la Lunyo, lakini niliutumia hivyohivyo.

Septemba 2023 Kenya ilizindua wahudumu wake zaidi ya 100,000, kila mmoja na begi la vifaa, na malipo ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mwezi uliofuata sheria ya afya ya msingi ikawatambua. Mama yule ana dada aliyeolewa Funyula, na dada huyo ni mmoja wao. Alipokuja Lunyo kusalimia, nilikuwepo. Lugha ni moja, Kisamia, na kazi ni moja. Kilichowatenganisha ni mpaka tu. Mama alilifungua lile begi, akatoa kipimo cha shinikizo la damu, kipimajoto, mizani. Aliishika mizani muda mrefu. "Hii ni nzuri," akasema, akairudisha mahali pake.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi mingi niliyoifahamu ilifunga ofisi. Ile iliyosifiwa kwa uendelevu ilikuwa miongoni mwake. Mama hakuwa na ofisi ya kufunga. Alipita nyumba kwa nyumba wiki ile kama wiki nyingine zote.

Siku hizi nashauri mara chache, nikiitwa. Kabla ya ukumbi, huomba kwanza kuketi na VHT wawili au watatu wa eneo lile na kuuliza wametumia nini kutoka mfukoni mwezi uliopita. Wengi hawajaandika. Lakini wanakumbuka, hadi nauli.

Kijana, ukiletewa rasimu ya mpango wa afya wa vijiji na ukaombwa kutia sahihi, usianze na ramani wala dibaji. Tafuta mstari wa mhudumu wa kijiji. Ukikuta sifuri, irudishe rasimu, na ukubali wakuite mkaidi. Upande wetu wa Lunyo, ninapoandika haya, mstari huo bado una sifuri.