Duka na Baraza Katika Simu Moja



Ndugu zetu wazazi, na wanafunzi wetu wapendwa. Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililokwishaingia katika nyumba nyingi hapa Buyenzi: biashara ya kwenye simu, na namna ya kuilinda isiliwe na simu hiyo hiyo.

Vijana wetu wengi tuliowasomesha sasa wanauza. Huyu anauza mitandio na mabaibui, yule kanzu na kofia, mwengine manukato, mwengine vipuri vya magari, maana Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Wanapiga picha, wanaiweka WhatsApp, mteja anatuma pesa kwa Lumicash, mzigo unapelekwa. Hawana kibanda wala kodi ya mwezi. Wazee mnakumbuka tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua, mali za watu zikateketea na wafanyabiashara wakatawanyika, wengine Ruvumera na wengine kwengineko. Kijana anayeweza kuanza biashara leo bila ya kibanda amefunguliwa mlango ambao baba zake hawakuwa nao. Kwa hiyo hatukuja hapa kukataza. Kuuza na kununua kwa haki ni chumo la halali, na Masahaba wengi walikuwa wafanyabiashara.

Tunachotaka kukisema ni hiki. Duka la sokoni lina kuta. Nje barazani watu wanazungumza mpira, siasa na habari za harusi, lakini muuzaji yumo ndani, na akitoka kwenda kukaa barazani kila mtu anaona kuwa dukani hamna mtu. Katika simu, duka na baraza ni chumba kimoja na mlango hakuna. Kijana anaifungua amjibu mteja, anakutana na video ya mpira, kutoka hapo anaingia kwenye kundi la wenzake waliosoma pamoja, na anapoinua kichwa anasikia adhana ya Adhuhuri. Ukimuuliza atakwambia alikuwa kazini tangu asubuhi, na wala hakusudii kusema uongo, maana simu ilikuwa mkononi mwake muda wote.

Tunaye mwanafunzi mmoja, jina lake tunalihifadhi. Mama yake alipopata zamu yake ya upatu alimpa pesa yote akanunue mitandio ya kuuza. Asubuhi moja, saa 3, mteja alimwandikia akitaka mitandio sita ya harusi. Kijana alijibu saa 8 mchana, na mteja alikuwa keshanunua kwa mtu mwengine. Alipokuja kwetu akasema soko la Bujumbura ni gumu. Tulimwambia alete daftari, tukaandika pamoja siku ile saa kwa saa. Zaidi ya saa nne zilikwenda kwenye video fupi fupi, na mega alizozinunua kwa pesa ya mtaji ndizo zilizolipia video hizo. Na mama yake bado alikuwa anadaiwa kuchangia zamu za wenzake kila wiki, auze mwanawe au asiuze.

Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo hili ni la amana. Mtaji wa vijana wetu ni jasho la mama, au pesa iliyotumwa na kaka aliyeko ng'ambo, au kitu cha ndani kilichouzwa. Mteja anayengoja jibu naye ana haki yake. Asiyeutunza muda wake anavunja amana mbili kwa pamoja.

Mnaikumbuka Surat Al-Jumu'a. Msafara wa biashara uliingia Madina na Mtume (s.a.w.) yuko kwenye khutba ya Ijumaa. Watu wakatoka kuukimbilia, na Jabir (r.a.) amesimulia kuwa waliobaki ni watu 12 tu. Aya ya mwisho ya sura hiyo imetaja vitu viwili vilivyowatoa: biashara na pumbao. Zama zile mtu ilimlazimu asimame na atoke msikitini ili avifuate. Leo vyote viwili vimo mfukoni mwake, na vinamwita kwa mlio mmoja. Na sura hiyo hiyo imeweka utaratibu: wito ukija acha biashara, sala ikisha tawanyikeni mtafute fadhila za Mola wenu. Kila jambo limepewa wakati wake.

Basi haya ndiyo tunayowausia wanafunzi wetu.

Kwanza, gaweni siku kwa sala. Sisi hapa Bujumbura tuko karibu na mstari wa ikweta, nyakati zetu hazibadiliki sana mwaka mzima: Adhuhuri ni karibu na saa 6 mchana, Alasiri baada ya saa 9 kidogo, Magharibi kwenye saa 12 jioni. Huo ni uzio uliokwishajengwa. Baada ya Alfajiri panga picha na bei. Kutoka saa 2 hadi Adhuhuri jibu wateja na peleka mizigo. Baada ya Alasiri fanya hesabu. Baraza liwe baada ya Isha, na liwe na mwisho. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake za mapema, na Sahaba Sakhr Al-Ghamidi (r.a.), aliyekuwa mfanyabiashara, akawa anatoa bidhaa zake mwanzo wa siku, naye akatajirika. Pia umeme wetu unakatika mara kwa mara, kwa hivyo chaji ya simu nayo ni mtaji. Ukiimaliza kwa michezo asubuhi, mchana huna duka.

Pili, jengeni mlango. Mwenye uwezo awe na simu mbili, hata ya pili ikiwa kuukuu. Asiyeweza, azime milio ya makundi yote, abakishe mlio wa wateja tu. WhatsApp ya biashara, iliyotoka mwaka 2018, inakuruhusu kuweka jibu linalojituma lenyewe: mwambie mteja kuwa uko kwenye sala au darasani, na saa ngapi utamjibu. Kisha timiza ahadi hiyo.

Tatu, shikeni bidhaa moja mpaka muijue. Kuna pumbao linalovaa nguo za kazi, na hili ndilo linalowapata walio hodari. Mtu anabadilisha jina la duka kila wiki, anahesabu laiki, anatazama video za watu wanaofundisha utajiri, mwezi huu mitandio, mwezi ujao viatu, mwezi wa tatu anaambiwa habari za sarafu za mtandaoni. Amechoka kweli, lakini hajauza. Tazameni Abdulrahman bin Auf (r.a.). Alifika Madina mikono mitupu, ndugu yake wa Kiansari akataka kumgawia nusu ya mali yake. Akamuombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo, akaanza na jibini kavu na samli. Mwisho wake mnaujua.

Nne, wekeni daftari la karatasi. Andikeni jina la mteja, namba yake, alichonunua, anachodaiwa. Daftari halina video. Na tarehe 20 Mei 2020, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilipofungwa nchini, aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye karatasi aliweza kuwapigia simu ya kawaida. Daftari pia litakukumbusha usiuze usichokuwa nacho, kama Mtume (s.a.w.) alivyomkataza Hakim bin Hizam (r.a.). Wengi wanaweka picha ya mzigo wasioumiliki, kisha siku nzima inapita wakitoa udhuru.

Nanyi wazazi, tunalo neno kwenu. Kijana aliyekaa na simu mnamuona hana kazi, basi mnamtuma dukani, mnamtuma kwa shangazi, mnamwita ashike mtoto. Kaeni naye mpatane: saa fulani hadi saa fulani yuko dukani, ingawa duka lake hamlioni. Nje ya saa hizo ni mtoto wenu, atumwe. Mwisho wa wiki mwombeni daftari mlisome pamoja, kwa upole. Na sisi wakubwa tuwe mfano, maana mtoto hawezi kuambiwa aweke simu chini na baba ambaye yake haishuki hata kwenye sahani ya chakula.

Katika Surat An-Nur Allah (S.W.) amewasifu watu ambao biashara haiwashughulishi wakaacha kumkumbuka Yeye. Angalieni kuwa biashara wanayo, ila wao ndio walioishika. Mwanafunzi wetu yule bado anauza mitandio. Sasa daftari lake lina kurasa nyingi, na mama yake anatoa zamu za wenzake kwa wakati, alhamdulillahi.

Tunamuomba Allah (S.W.) abariki muda wa watoto wetu na mikono yao, awape riziki ya halali, na asiyajaalie yaliyomo mikononi mwao yawe sababu ya kusahau yaliyomo shingoni mwao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.