Mto Nilioupima kwa Uongo



Leo nataka kukuambia jambo nililolificha kwa zaidi ya miaka ishirini. Nalisema sasa kwa sababu kila bei ya mafuta inapopanda, nasikia watu wakiuliza, "Kwa nini nchi yetu isitafute nguvu nyingine?" Swali hilo ni la haki. Lakini mimi nikilisikia huinamisha kichwa, maana najua kwamba sehemu ya jibu imo nyumbani mwangu.

Kijiji chetu kiko kati ya Njombe na Makambako, mbali kidogo na barabara kuu. Chini ya kijiji kuna kijito kinachoteremka kwa nguvu penye mawe. Mwaka 1997 alikuja kijana mmoja mtaalamu, ametumwa na ofisi yake kuyapima maji yale, ijulikane kama yaweza kuzungusha mtambo mdogo wa umeme. Akasimika ubao wenye namba pale mtoni, kisha akanichagua mimi niusome, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisomeka. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kila siku saa kumi na mbili asubuhi nishuke mtoni, nitazame maji yamefika namba gani, niandike katika daftari.

Aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Kaka, nguvu ya umeme wa maji hutoka katika mambo mawili: wingi wa maji, na urefu wa mahali yanapoangukia. Urefu naupima leo, nikamaliza. Lakini wingi hubadilika kila siku. Maji ya Machi humdanganya kila mtu. Mtambo hupimiwa maji ya Novemba, mto unapokonda. Wala mwaka mmoja hautoshi."

Miezi ya kwanza nilishuka kweli. Kisha mvua zikaja, na katika nchi yetu ya Ubena mvua haziji peke yake, huja na ulanzi. Wewe uliyewahi kukesha penye ulanzi waijua asubuhi yake. Njia ni utelezi, baridi ni ya kukata masikio, na blanketi halikubali kukuachilia. Basi nikaanza kuandika namba nikiwa kitandani. Kama jana ilikuwa 42, leo naweka 43, kesho narudi 42. Nani atajua?

Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa, zile ambazo watu wanazikumbuka hata leo kwa jina la El Nino. Usiku mmoja mwanzoni mwa 1998 kijito kikafurika, kikang'oa ubao na kwenda nao. Mimi sikujua. Kwa siku tisa niliendelea kuandika namba za ubao usiokuwepo.

Siku ya kumi yule kijana akaja, akapitia mtoni kwanza. Alipofika kwangu tukaamkiana, "Kamwene," "Kamwene," akaomba daftari. Akafunua ukurasa wa mwisho, akanyamaza. Kisha akauliza kwa upole, "Kaka, hizi namba umezisoma wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho pale uani, mke wangu akisikia. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Daftari lote halina kazi sasa. Hata siku ulizosoma kweli nazo zimepotea, maana sitajua ni zipi." Akapanda pikipiki yake akaondoka. Fedha za kazi ile zikaisha, wala hakurudi mtu mwingine kupima.

Kwa hiyo tukabaki na mashine ya kusaga ya dizeli. Miaka ikapita, nami nikajifariji kwamba huenda kijito kile kisingefaa. Ndipo ukaja mwaka 2022. Vita vilianza Ukraine mwezi wa Februari, na kufikia Mei lita moja ya mafuta ilikuwa imepita shilingi 3,000 pale Dar es Salaam penyewe, meli zinapoteremsha. Huku bara tuliongezewa na gharama ya safari. Mwenye mashine akapandisha bei ya kusaga, kisha akaipandisha tena. Siku moja nikiwa kwenye foleni nikamwona bibi mmoja amepima mahindi nusu debe, akahesabu fedha zake mara mbili, akapunguza tena mahindi. Jioni yake nilisikia kinu na mchi nyumbani kwake. Msomaji, sauti ile ya mchi ilinipiga mimi kifuani. Je, kijito kingeweza kumsagia? Sijui. Wala hakuna ajuaye, kwa sababu mimi niliandika kitandani.

Mwezi wa Juni mwaka ule Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kushusha bei ya mafuta. Sisemi vibaya juu ya ruzuku ile, ilitusaidia. Lakini tufikiri pamoja. Ruzuku ya mafuta huungua pamoja na mafuta. Lita ikiisha, nayo imekwisha. Lakini mto uliopimwa vema hubaki umepimwa. Namba zake zitamfaa mtoto wako, na mjukuu wako pia. Hiyo ndiyo tofauti ya kununua nguvu na kununua maarifa, na taifa lisilotenga fedha kwa ajili ya maarifa litanunua nguvu za wengine milele. Mwaka 2007, huko Addis Ababa, nchi za Umoja wa Afrika zilihimizana kila moja itumie kwa utafiti walau asilimia moja ya pato lake. Ahadi hiyo twapaswa kuikumbuka kila bajeti inaposomwa.

Usidhani mambo haya ni ndoto. Tazama palepale mkoani kwetu. Matembwe, upande wa Lupembe, wanavijiji pamoja na shirika la CEFA la Italia walitega maji tangu miaka ya 1980, na baadaye maji ya Ikondo yakafuata. Kiwanda cha miwati cha Njombe kilianza mwaka 1995 kuchoma mabaki ya miti na kufanya umeme wa megawati 2.5. Na huko Songea, ambako malori ya dizeli yalipanda kutoka Makambako kupitia Njombe miaka nenda miaka rudi kulisha majenereta, umeme wa gridi ulifika mwaka 2018 kwa njia ya waya wa kilomita 250 hivi.

Tazama pia upepo. Watu wa Makambako huulalamikia kwamba waezua mabati. Watafiti walikuja na vyombo vyao, wakaupima mita 30 kutoka ardhini, wakapata wastani wa mita 8.9 kwa sekunde. Ni upepo wa kutosha kabisa kuzungusha mashine za umeme. Lakini kupima ni hatua ya kwanza tu. Baada yake yataka mtaji na uamuzi. Majirani zetu wa Mufindi walisimamisha mashine zao tatu za upepo mwaka 2020.

Yako na mambo ambayo hakuna mgeni atakayetupimia. Kule Arusha kituo cha CAMARTEC kimewafundisha watu tangu miaka ya 1980 kujenga mashimo ya gesi ya samadi. Sasa Mkakati wa Taifa uliotolewa mwaka 2024 wataka ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Vema. Lakini vijidudu vinavyofanya gesi hupenda joto, na Njombe mwezi wa Julai yaweza kuona barafu juu ya majani. Shimo linaloiva vizuri nchi ya joto huzubaa kwetu. Lichimbwe kwa kina gani? Lifunikwe kwa nini? Majibu ya maswali haya hayauzwi dukani. Hapana budi yatafutwe hapahapa penye baridi, kwa fedha zetu na watu wetu.

Umeme wa gridi umekwisha kufika kijijini kwetu, na mashine ya dizeli imepumzika. Hata hivyo malori na matrekta bado hunywa mafuta, na jikoni kuni bado zinawaka. Kwa hiyo, ndugu yangu, akija mpimaji kijijini kwako, msimchagulie mtu kwa mwandiko wake mzuri. Mchagueni anayeamka. Na mbunge wenu akija kuomba kura, muulizeni fedha za utafiti ni kiasi gani, na zilifanya nini.

Mimi nina ng'ombe mmoja wa maziwa, na shimo la gesi nililolijenga baada ya mwaka ule wa 2022. Kila asubuhi nasoma kipimajoto, jioni naandika moto umewaka kwa muda gani. Hakuna aliyenituma, wala silipwi. Siku moja mwezi wa Julai moto ulishindwa kuchemsha maharage, tukarudi kwenye kuni, na mke wangu akanitazama nikifungua daftari. Nikaandika: umeshindwa.