Habari ya Mbwa Safari



Karibu sisi wa mwaka wa mwisho tutaingia mtihani wa Serikali, kiisha tutaacha masomo haya. Mbele ya kuondoka nataka kuwaelezea habari moja ambayo wengi walinicheka juu yake. Ni habari ya mbwa. Lakini ndani yake kuna kosa langu mimi kapita wenu, na sitaki kuondoka nalo kimya.

Ninyi wote mnaijua barabara yetu. Kutoka Lubumbashi mpaka hapa Kasumbalesa ni karibu kilometa 90, na hapa mpakani makamyo ya shaba na kobalti yanapanga mstari, yanangoja kuvuka Zambia kwenda Dar es Salaam ama Durban. Madereva wanalala humo siku na siku. Wanapika, wanafua, na mbwa wanapata mifupa. Mbwa mmoja dume, mwekundu, sikio moja limekatika, alikuwa wa mzee mmoja zamu wa parkingi. Madereva walimwita Safari. Mzee alipofariki, jamaa yake walikuja, wakachukua godoro na redio. Mbwa walimwacha.

Njaa ikamleta kwenye mlango wa masomo yetu. Watu wakaanza kusema ana kichaa. Mimi, bila kuuliza mtu yeyote, niliwaambia wadogo: "Mumupige majiwe, ataenda." Mkampiga siku tatu. Siku ya nne nilimkuta amelala nyuma ya ukuta, mguu umevimba, na mtoto msichana wa darasa la saba anamwekea maji katika kipande cha bido. Yule mtoto hakukimbia aliponiona. Aliniuliza tu: "Kapita, alifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Jioni nikamfunga mbwa kamba, nikaenda naye kwetu.

Mama alishika kichwa: "Weye mutoto! Imbwa mukubwa vile? Atakula nini, na siye benyewe tunakula mara moja?" Nikamwomba: ni kwa muda tu, mama, nitamtafutia nyumba. Nilifikiri ni kazi ya juma moja. Ilikuwa miezi mitatu.

Kwanza nilimpeleka kwa munganga wa wanyama, na pesa niliyoipata likizo kwa kushusha mifuko ya unga. Akamtibu mguu, akamdunga sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, akanipa karatasi. Alinifundisha mambo ambayo nawaandikia na ninyi. Ugonjwa huo unaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Dalili zikisha kuonekana, mtu haponi. Lakini ukiumwa leo, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, kiisha ukimbie hospitali upate chanjo. Kazi hiyo ya kumchanja mtu aliyekwisha kuumwa aliianza Louis Pasteur kule Ufaransa mwaka 1885, kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister. Basi, wadogo wangu, jiwe halizuii kichaa. Mbwa aliyepigwa majiwe anauma upesi zaidi.

Kiisha nikaanza kutafuta nyumba. Dereva mmoja wa Kenya alinieleza kwamba Nairobi kuna chama, KSPCA, ambacho tangu 1910 kinapokea wanyama walioachwa na kuwatafutia watu wa kuwalea. Lubumbashi kwetu kuna J.A.C.K., inayolea watoto wa sokwe tangu 2006. Lakini kwa mbwa mzima wa barabarani, hapa Kasumbalesa sikujua mlango wa kubisha. Nikaenda parsele kwa parsele.

Wengi walitaka mtoto wa mbwa. Bwana mmoja mwenye depo alimtaka Safari, akaniambia atamfunga mnyororo mchana kutwa na kumtilia pilipili katika chakula ili awe mkali. Nikasema asante, nikarudi naye. Mwingine alinipa bei nzuri, lakini niliona anaangalia mapaja ya mbwa kuliko macho yake. Huyo sikungoja amalize maneno. Nyumbani Mama alinung'unika: "Unachagua sawa unaoza dada yako!" Nikacheka, lakini alisema kweli.

Mwishoni nikafika kwa mama mmoja mjane, muuza makala, anayeikala peke yake na mjukuu. Alikuwa anachambua lengalenga. Hakuuliza kama mbwa ni mkali, wala kama anakamata wezi. Aliuliza: "Anaogopaka nini?"

Hakuna mtu aliyeniuliza vile. Ningeweza kusema haogopi kitu, na ningempata mtu wa kumchukua upesi. Lakini nilisema: "Mama, anaogopaka kijana akiinama chini. Anawaza anaokota jiwe."

"Nani alimufundisha vile?"

"Ni miye, mama."

Alinyamaza, mikono yake ikaendelea na lengalenga. Kiisha akasema: "Umulete siku ya posho. Na weye utakuya kila mangaribi, mupaka atanizoea."

Usiku wa kwanza Safari alikata kamba kwa meno, akarudi kwetu. Tukamrudisha. Mara ya pili vilevile. Yule mama hakuchoka. Juma la tatu nilipomwita toka njiani, alikuja akitikisa mkia, akanusa mkono wangu, kiisha akarudi kulala mlangoni pa mama. Nilifurahi, na koo ikanikaba.

Siku hiyo, wakati wa kuaga, niliinama kufunga kamba ya kiatu. Safari aliruka, akajificha nyuma ya mama. Mguu umepona, chakula anacho, lakini mimi bado ananiogopa ninapoinama.

Katika Mezali 12:10 tunafundishwa kwamba mtu wa haki anaangalia uhai wa mnyama wake. Mimi nimeongeza: na yule asiye wake pia. Kapita atakayenifuata, ukiona wadogo wanakusikiliza upesi, fikiri kwanza unawatuma nini. Na yule dada wa darasa la saba, ambaye jina lake siliandiki hapa, najua unasoma. Uliniuliza alifanya nini. Jibu langu ni hili: hakufanya kitu.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi