Baiskeli ya Babu Yetu

Walimu wenzetu huandika katika kurasa hizi juu ya kilimo, malezi ya watoto na usafi wa nyumba. Leo twaomba nafasi kidogo tuandike juu ya kitu ambacho kila nyumba hapa Kagerankanda yakijua, nacho ni baiskeli. Wala hatutaki kuisifu tu. Tuna kosa letu la kuungama, ili mwenye kusoma apate kujihadhari nalo.

Babu yetu alikuwa mmoja katika Waha wengi walioiacha nchi yao wakaenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Watu wale waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake. Aliporudi kwao, katika miaka ya mwisho ya 1950, hakuleta mali nyingi. Alileta blanketi mbili, sanduku la bati, na baiskeli moja nyeusi ya Raleigh. Aliipakia katika gari moshi la reli ya kati, ile reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Na kutoka Kigoma akaipanda penye tambarare na kuisukuma penye milima, hata akafika nayo kwao katika nchi ya juu ya Kasulu. Baadaye jamaa zetu walipohamia Kagerankanda kutafuta mashamba, baiskeli nayo ilihama, ikiwa imebeba majembe.

Mbele, chini ya usukani, ilikuwa na kibati chenye sura ya kichwa cha korongo na jina la mji wa Nottingham katika Uingereza, ambako kampuni ile ilianzishwa. Katika matangazo yao wenyewe waliiita baiskeli ya chuma kitupu. Lilikuwako tangazo moja lililojulikana sana, lenye picha ya mtu aliyepanda Raleigh akimkimbia simba. Sisi hatukupata kumkimbia simba juu ya baiskeli ya babu, lakini tuliiona ikibeba mahindi, mihogo, mizinga ya nyuki na wagonjwa. Baba yetu alijifunza kuipanda angali mdogo, mguu mmoja ukipita chini ya bomba la juu, kwa kuwa hakuweza kulifikia tandiko. Nasi kadhalika tulijifunza vivyo hivyo, na kovu la goti letu la kushoto ni cheti chetu.

Babu alifariki mwaka 2009. Baiskeli ikatundikwa ukutani katika ghala ya mahindi, na kuku wakaizoea.

Miaka ilipita, nasi tukapata kazi ya ualimu. Kutoka nyumbani hata shuleni ni mwendo mrefu, basi tukaweka akiba ya mshahara mwezi baada ya mwezi, tukaenda Kasulu mjini tukanunua baiskeli ya gia. Ilikuwa nyekundu, nyepesi, mtu aweza kuiinua kwa mkono mmoja. Ilikuwa na gia kumi na nane, na springi katika uma wa mbele. Tulipopita njiani watoto walitukimbilia na kupiga kelele, na twakiri kwamba tulipunguza mwendo ili watutazame vizuri.

Mwezi ule ule alipita mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndugu yetu mdogo alikuwa akitafuta fedha za kutimiza bei ya pikipiki. Akatuambia, "Kaka, lile chuma la ghalani lakula nafasi bure. Tuliuze." Sisi tulikuwa tukisahihisha madaftari, hatukuinuka hata kitini. Tukajibu, "Chukua." Ikapimwa katika mizani kama mbuzi: kilo 21, kwa shilingi 600 kila kilo, jumla shilingi 12,600. Bibi yetu alikuwa ameketi mkekani akipepeta maharage. Hakusema neno. Aliinuka pole pole, akakizungusha kifuniko cha kengele mpaka kikatoka, akakifunga katika pindo la kitenge chake, akarudi kuketi. Nasi tulimwona, tukaendelea kusahihisha.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo tumewafundisha watoto mara nyingi ubaoni, tena tukawapa maksi walioieleza vema.

Katika mwezi wa Machi, wakati wa mvua, mtoto wetu wa pili alishikwa na homa kali usiku, kisha degedege. Ndugu yetu alikuwa amekwenda Kibondo na pikipiki yake. Tukampakia mama wa mtoto katika keria ya baiskeli nyekundu, amempakata mtoto, tukashika njia ya zahanati. Tulipokuwa tukishuka kuelekea mtoni, gurudumu la mbele liliingia katika shimo lililojaa maji. Tukasikia mlio mmoja, kama kijiti kikavu kivunjwapo. Fremu ilikuwa imekatika chini ya tandiko. Hatukuumia, ila safari ya baiskeli iliishia pale. Tuliitupa kando ya njia tukamchukua mtoto mgongoni, tukatembea katika tope mpaka alfajiri. Mtoto alipona, asingalipona, tusingalikuwa na moyo wa kuandika habari hii. Lakini njia ile yote, kila hatua, tuliyakumbuka yale maneno, "Chukua."

Asubuhi ya gulio tulimpelekea fundi fremu ile. Ni mzee mwenye kazi yake chini ya mwembe, na vyombo vyake vyatosha katika debe moja. Aliigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasema, "Mwalimu, hii si chuma, ni alumini. Nikiitia moto wangu itayeyuka kabla ya kushikana. Yataka mashine yake maalum yenye gesi, na hapa kwetu hakuna." Tukamwuliza, "Mzee, na chuma je?" Akajibu, "Chuma ni mtu wa adabu, hukuonya kwanza. Hupinda, nawe waona kwamba kimepinda, wakinyoosha au wakitia kiraka. Hii hunyamaza, hunyamaza, mpaka siku ya kukatika."

Baadaye tulisoma, tukaona kwamba mzee yule alisema kweli. Uzito wa alumini ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma, kwa hiyo hupendwa na wenye kushindana mbio. Walakini hudhoofika kidogo kidogo kila inapotikiswa, hata kwa mzigo usio mkubwa, ilhali chuma kisipotwikwa kupita kiasi chake chaweza kustahimili mitikiso isiyo na hesabu. Na baiskeli yetu nyekundu haikuundwa kwa ajili ya mama na mtoto katika keria. Iliundwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye afya, siku ya kutembea kwa furaha. Kosa halikuwa la baiskeli. Kosa lilikuwa letu tulioitwika kazi isiyo yake.

Fundi ndiye aliyetufundisha jinsi baiskeli za zamani zilivyofikiriwa. Magurudumu yake ni makubwa, ya inchi 28, hivyo hupita juu ya mashimo ambayo gurudumu dogo huzama. Gurudumu la mbele lina spoku 32, na la nyuma lina spoku 40, kwa sababu mzigo hukaa nyuma. Uma wa mbele umelala, hauko wima, kwa hiyo mtikiso wa njia haufiki wote mikononi. Mabomba ya fremu yamechomekwa katika vishikio vya chuma na kuunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, na bomba likiharibika, fundi hodari aweza kulitoa na kutia jingine. Hata katikati ya magurudumu mna vitundu vidogo vya kutilia mafuta. Waliounda kitu hicho walijua ya kuwa kitakwenda mbali na kiwanda, mahali ambapo mwenye nacho atajitegemea.

Tukamwomba fundi twende naye Kasulu kwa wauza vyuma chakavu. Katika ua mmoja, chini ya mabati na masufuria yaliyotoboka, tuliliona lile korongo. Magurudumu hayakuwako tena, wala tandiko. Zilibaki fremu, uma, usukani na mikono ya pedeli, zikingoja lori. Mwenye ua aliona macho yetu akapandisha bei. Tulilipa shilingi 40,000, yaani zaidi ya mara tatu ya fedha tuliyoipokea, na bado tukashukuru.

Hapa liko jambo la ajabu kidogo. Kazi ya kuunda baiskeli za Raleigh mjini Nottingham ilikoma mwaka 2002. Mtu angedhani kwamba baiskeli ya babu ingekosa vifaa kabisa. Lakini zamani watu wa Bara Hindi na wa China walivichukua vipimo vya baiskeli zile za Waingereza, wakaendelea navyo. Kampuni ya Hero ilianza kuunda baiskeli mjini Ludhiana, Bara Hindi, mwaka 1956, na Phoenix za mji wa Shanghai zajulikana katika vijiji vyetu vyote. Basi tulinunua ringi na spoku zilizotoka Bara Hindi, na mnyororo uliotoka China, vyote vikaikubali fremu ya Nottingham kana kwamba vilizaliwa nayo. Ilibaki ekseli ya pedeli peke yake, kwa kuwa Raleigh walikata nyuzi zao kwa kipimo chao wenyewe. Nayo fundi aliiosha kwa mafuta ya taa, akatia gololi mpya na grisi, ikazunguka kimya. Kiwanda kimekufa, lakini vipimo vyake viko hai katika debe la fundi chini ya mwembe.

Hata hivyo, mwalimu asifundishe nusu ya somo. Baiskeli ya babu ina makosa yake. Ni nzito, haina gia, na kilima ambacho ile nyekundu ilikipanda kwa wepesi, hii twaisukuma. Breki zake ni za vyuma vyembamba vinavyovuta mipira kwenye ringi, na mvua ikinyesha ringi huteleza; yampasa mtu aanze kushika breki mapema kabla ya kuona haja. Babu alikuwa akisaidia kwa kuburuta ndala yake chini. Wala si kweli kwamba kila kilicho kipya ni kibaya. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilipotafuta baiskeli ya kufaa njia za vijijini katika Afrika, liliunda mpya kabisa iitwayo Buffalo. Lakini waliiunda kwa chuma, na keria yake hubeba kilo 100. Waliokuwa na elimu ya leo walifika mahali pale pale alipokuwa fundi wetu.

Lakini kosa kubwa kuliko yote tuliambiwa na bibi. Jioni ile tuliyorudi na baiskeli imekwisha tengenezwa, tulimpigia magoti tukamwomba radhi. Alifungua kitenge akatoa kile kifuniko cha kengele, akatuambia kwa Kiha maneno ambayo twayatia hapa kwa Kiswahili: "Nilikiondoa kwa sababu ya sauti yake. Baiskeli hiyo sikuipanda hata siku moja, wajukuu zangu. Lile bomba la juu halikuwekwa kwa ajili ya mwanamke mwenye kitenge. Babu yenu alitangulia, nami nilifuata nyuma na mzigo kichwani. Alipokuwa mbali mno alipiga kengele, nipate kujua njia aliyopita."

Tulinyamaza. Sisi tulidhani tumeirudisha heshima ya nyumba, kumbe bibi alikuwa na hesabu nyingine ambayo hatujapata kuiuliza. Mama wa watoto wetu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote. Hakutuambia neno, ila alitutazama.

Baada ya mavuno tuliuza magunia mawili ya maharage, tukanunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani, yenye bomba lililoshuka chini na kikapu mbele. Nayo ni ya chuma. Fundi aliigonga kwa ukucha kabla hatujalipa. Sasa mama wa watoto huenda nayo gulioni na zahanati bila kumngoja mtu. Ya babu hubeba magunia. Ndugu yetu hucheka akituita wazee wa chuma, lakini pikipiki yake inapokosa petroli hatuoni haya kumwazima.

Basi, wasomaji wapenzi, mkitaka kununua kitu, msikiulize umri wake. Ulizeni, kikiharibika ni nani hapa kwetu atakayekitengeneza? Tena ulizeni, katika nyumba yetu ni nani asiyeweza kukitumia? Na kabla ya kuuza cha zamani, inukeni kwanza kitini, mkamwulize mzee aliyeketi mkekani. Sisi hatukumwuliza, na ilitubidi kujifunza kwa miguu yetu, usiku, mtoto akiwa mgongoni.

Kengele ile imerudi mahali pake. Bibi akiisikia huinua kichwa, kisha huendelea kupepeta maharage yake.