Mshono wa Strawberry Fields

Strawberry Fields Forever, wimbo wa Beatles wa 1967, una mshono baada ya dakika moja hivi. John Lennon alipenda rekodi mbili: moja ya polepole, nyingine ya kasi na sauti ya juu zaidi. George Martin na Geoff Emerick wakabadili mwendo wa kanda, wakaziunga. Kwangu hicho ndicho kilele cha roki ya saikedelia, ingawa Uingereza uliishia nafasi ya pili. (Chati hazina masikio.)

Strawberry Field ilikuwa nyumba ya watoto Liverpool, karibu na alikolelewa Lennon na Mimi, dada mkubwa wa mama yake. Kwetu ni mama mkubwa. Nami nililelewa na wangu. Kila niusikilizapo, naungoja mshono, selo na tarumbeta zinapoingia. Mama alipokuja kunichukua nilikuwa na miaka tisa. Sikujua nimwiteje.